Kima cha chini kipya hakitafika mfukoni bila tawi la chama kazini

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie kima cha chini kipya cha mshahara wa sekta binafsi, kilichoanza kutumika Januari 1, 2026. Serikali ilitangaza kuwa kimepanda kutoka shilingi 275,060 hadi 358,322. Ni hatua nzuri, na sina sababu ya kuibeza. Lakini kwa saidia fundi anayepiga zege Mtumba au Nzuguni, na kwa mhudumu wa hoteli zilizoota baada ya Serikali kuhamia Dodoma, tangazo ni jambo moja na kinachoingia mfukoni mwisho wa mwezi ni jambo jingine.

Mei Mosi ya 2025 kitaifa ilifanyika kwa jirani zetu Singida, na Rais Samia akatangaza kima cha chini cha watumishi wa umma kupanda kutoka 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai. Watu wa kampuni binafsi nao huandamana siku hiyo, fulana na mabango kama wengine, wakashangilia nyongeza isiyowahusu. Tumezoea kuisubiri Mei Mosi kama watoto wanaomsubiri baba arudi safari na mfuko wa zawadi. Mazoea hayo yana historia. TFL, shirikisho la vyama vya wafanyakazi Tanganyika, iliundwa mwaka 1955, Rashidi Kawawa akiwa katibu mkuu wake wa kwanza, na ilijengwa na wafanyakazi wenyewe kwa migomo na michango. Mwaka 1964 ikavunjwa, ikaja NUTA, chama kimoja cha wafanyakazi kilichofungamanishwa na TANU, na baada yake warithi wake, kwanza JUWATA, kisha OTTU. Kwa zaidi ya robo karne chama cha wafanyakazi kilikuwa ofisi ya kupelekea malalamiko. Vyama vilipopata uhuru wake tena kwa sheria ya mwaka 1998, wengi wetu tulibaki na fikra zile zile: chama kiko mjini, kina gari, kitakuja.

Hakiji. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka nguvu kwenye eneo la kazi, na inayoamua ni idadi ya watu. Hapa ndipo wengi wanapokosea mwanzoni kabisa: wanasikia kwamba wanahitajika watu 20, wanakata tamaa. Hao 20 ni wa kuanzisha chama kipya. Kufungua tawi la chama kilichokwishasajiliwa kunahitaji wanachama 10 tu mahali pa kazi. Wa ujenzi waende TAMICO, wa viwanda na biashara TUICO, wa hoteli na kazi za majumbani CHODAWU. Wakishafika 10, wanachagua wawakilishi watatu. Wakivuka 20 wawakilishi ni 10, na wakipita 100 ni 15, ambao angalau watano kati yao wawawakilishe wanawake, kama wapo kazini hapo.

Kujiunga ni kwa karatasi. Mwanachama wa mdomo hahesabiki. Kila mmoja ajaze fomu ya TUF 6 inayomruhusu mwajiri kukata ada, aisaini mwenyewe, aandike tarehe, abaki na nakala. Matawi mengi yanafia hapa: fomu zinakabidhiwa kwa ofisa utumishi bila mtu kugonga muhuri wa kupokelewa kwenye nakala, na baada ya miezi miwili mnaambiwa hazikuwahi kufika. Mwajiri akishakata, anatakiwa kuiwasilisha ada kwa chama ndani ya siku saba baada ya mwezi kuisha. Akichelewa bila sababu ya msingi, anadaiwa asilimia 5 ya kiasi hicho kwa kila siku. Tuseme wanachama ni 40, kila mmoja ana mshahara wa 360,000 na ada ni asilimia 2. Hizo ni shilingi 288,000 kwa mwezi, na kila siku ya kuchelewa ni 14,400. Mhasibu yeyote akipigiwa hesabu hiyo kwa maandishi anaelewa haraka.

Lakini tawi lisilo na wingi ni klabu ya malalamiko tu. Lengo ni kuvuka nusu ya wafanyakazi wa kundi linalofaa kwa majadiliano, yaani wale wanaoweza kujadiliana na mwajiri kwa pamoja, kwa sababu hapo ndipo sheria inapokipa chama haki ya kutambuliwa kuwa wakala pekee wa majadiliano. Chama kikishampa mwajiri taarifa rasmi, ana siku 30 za kukutana nacho na kuingia mkataba wa kutambuana. Akikwepa, shauri linakwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA), na likishindikana huko, Mahakama ya Kazi.

Vita halisi iko kwenye neno hilo "kundi". Mwajiri mjanja hataki kubishana na wanachama, anabishana na orodha. Anawaingiza mameneja kwenye hesabu ili nusu iwe mbali zaidi, wakati mfanyakazi wa ngazi ya juu ya uongozi haruhusiwi hata kuwa chama kimoja na walio chini yake. Au anawagawa watu kwa wakandarasi wadogo: wa nondo mwajiri wake huyu, wa plasta yule, walinzi na wafagizi kampuni nyingine kabisa. Kwa hiyo kabla ya kugawa fomu hata moja, pateni majina yote, na mjue nani analipwa na nani. Daftari la mahudhurio la asubuhi linatosha kuanzia. Msipolijua hilo, mtakusanya saini 60 halafu mgundue kwamba ni za waajiri watano.

Kibarua naye asikubali kuambiwa kirahisi kwamba yeye si mwajiriwa. Sheria ya Taasisi za Kazi inamchukulia mtu kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, ikiwa amemfanyia kazi mtu mwingine wastani wa angalau saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Kwenye saiti hizo ni siku tano za kazi. Weka kumbukumbu: tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka, ujumbe wa malipo kwenye simu usiufute.

Na mkishakaa mezani, msianze na mshahara. Mwajiri atasema kima cha chini kimeshapanda, basi. Anzeni na saa. Mtu anayeingia saa moja asubuhi na kutoka saa kumi na mbili jioni, akila kwa saa moja, siku sita, amefanya saa 60 kwa wiki. Kikomo cha kawaida ni 45. Hizo 15 za ziada kwa wiki nne ni 60, na sheria hairuhusu zaidi ya 50, tena kwa makubaliano. Kwa mshahara wa msingi wa 360,000, gawanya kwa 4.333 (wastani wa wiki za mwezi) kisha kwa 45, unapata kama shilingi 1,846 kwa saa. Ya ziada inalipwa mara moja na nusu, yaani 2,769. Saa 60 ni zaidi ya shilingi 166,000 kwa wiki hizo nne. Fedha hiyo inapotea kila mwezi kwenye maeneo ya kazi ambako hakuna mtu wa kuidai, na ni kubwa kuliko nyongeza nzima iliyotangazwa. Mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya chama na mwajiri kuhusu masharti ya kazi, ukishasainiwa na chama kilichotambuliwa, unawafunga hata wasio wanachama waliomo katika kundi lile, na nakala yake inapelekwa kwa Kamishna wa Kazi. Wanaokula jasho la wenzao bila kuchangia wanaweza kukatwa ada ya uwakala kwa makubaliano ya chama na mwajiri, ikiwekwa akaunti ya peke yake.

Tahadhari moja. Mfanyakazi asiyefikisha miezi sita kazini hana kinga kamili dhidi ya kuachishwa isivyo halali, hivyo msimtangulize mbele kusoma barua ya madai kwa sababu tu anajua kuongea. Tangulizeni waliodumu. Anayefukuzwa ana siku 30 kujaza Fomu Na. 1 ya CMA. Kwa bahati mbaya wengi huzimaliza wakimbembeleza msimamizi.

Kwa viongozi wa vyama mlioko hapa Dodoma: sheria inawapa haki ya kuingia eneo la kazi kuandikisha wanachama, ilimradi mfuate masharti ya usalama. Vaeni kofia ngumu mwende, saa ya chakula cha mchana, mkiwa na fomu mkononi. Ofisi inayofunguliwa saa mbili na kufungwa saa tisa na nusu, Jumatatu hadi Ijumaa, haiwezi kumwona mtu anayetoka kazini saa kumi na mbili jioni. Jumamosi mchana fungueni.

Msomaji wako,
Ipagala, Dodoma