Nilibana matumizi, mume wangu akapunguza hela ya kula

Anti shikamoo, na wasomaji wenzangu hamjambo.

Nitajiita Mama Glory, ingawa binti yangu haitwi Glory. Mume wangu hasomi kurasa hizi lakini wifi zangu wanazisoma. Tunaishi Moshi, Pasua, tumepanga vyumba viwili kwenye nyumba ya wapangaji wanne. Mume wangu ni fundi magari. Tuna watoto watatu na wa kwanza kamaliza darasa la saba mwaka huu. Mimi niko nyumbani. Nafuma vitambaa vya makochi akitokea mteja, na mteja mwenyewe hutokea kama mvua ya Januari.

Mimi ni Mpare wa Usangi, yeye ni Mchagga wa Kibosho. Nalisema mapema kwa sababu najua mtaliwaza tu. Utani wa ubahili wa Wapare nimeusikia tangu siku ya harusi, MC aliutoa kwenye kipaza sauti na nilicheka pamoja na wageni. Siku hizi sicheki.

Kila asubuhi kabla hajatoka, baba Glory huacha hela ya matumizi chini ya kopo la sukari. Ilikuwa elfu tisa, mwezi wa sita ikawa elfu kumi. Sijawahi kulala njaa kwake, hilo naomba lieleweke. Hanipigi, na pombe yake ni ya sikukuu. Ila hela ya siku ina ugonjwa wake: ukipewa ya siku, unanunua ya siku. Mafuta ya kupima, sukari robo, mkaa sado, sabuni kipande. Siku moja niliamua kuhakikisha. Nilichukua chupa tupu ya maji ya nusu lita, kila nikinunua mafuta ya mia tano namimina humo kwanza kabla ya kutumia, naweka alama kwa kalamu. Vipimo vinane ndivyo vilivyofikisha shingoni. Yaani nusu lita elfu nne, lita elfu nane, wakati dumu la lita tano duka la jumla ni elfu thelathini, sawa na elfu sita kwa lita. Nyumba yangu inakula karibu lita nne kwa mwezi. Mkaa ndiyo usiseme. Gunia ni elfu hamsini na tano, mimi nikilinunua kwa sado linafika elfu sabini na kitu, na vumbi juu. Maskini analipa zaidi kwa kitu kile kile, lakini elfu hamsini na tano kwa mkupuo sijawahi kuikuta chini ya kopo la sukari.

Nikimwambia baba Glory anipe ya wiki, anajibu, "Mke wangu, mimi mwenyewe napata kwa siku." Na ni kweli. Gari likiingia gereji kuna hela, lisipoingia anashinda amekaa juu ya tairi.

Sasa niwaeleze kilichonifanya nianze haya yote. Januari iliyopita tulikwama. Ada serikali iliifuta tangu 2016, kidato cha kwanza mpaka cha nne pia, lakini sare, viatu, madaftari na begi hakuna aliyevifuta, na kwa watoto watatu vinakuja wiki moja, mkiwa mmetoka kula Krismasi Kibosho na nauli imeisha. Tukachukua mkopo wa kausha damu. Laki tatu, marejesho elfu saba kila siku kwa siku sitini. Pigeni hesabu wenyewe, ni laki nne na ishirini. Siku mbili tulichelewa. Yule kijana wa marejesho alikuja saa moja asubuhi akakaa mlangoni kwangu kwenye ndoo niliyoigeuza ya kufulia, akachezea simu mpaka saa sita. Hakutukana, hakupaza sauti. Alikaa tu, na wapangaji wenzangu wakawa wanapita kwenda msalani wakimruka miguu.

Siku hizo sitini tuliishi kwa elfu tano. Watoto walikula, lakini ilikuwa kula kwa kuhesabu vijiko. Deni lilipoisha, hela ya mezani ikarudi elfu tisa, na mimi nikajiapiza kwamba Januari nyingine yule kijana hakai kwenye ndoo yangu.

Nikaenda kwa seremala akanipigia kibubu cha mbao, misumari pande zote, tundu la kupitisha noti iliyokunjwa. Cha kuvunja, hakina mlango, maana najijua. Nikakificha nyuma ya debe la mahindi.

Nilivyobana sitawaficha, labda kuna atakayefaidika. Maharage naloweka usiku, yale maji namwaga, nachemsha kwa moto mkali kama dakika ishirini, kisha natoa sufuria na mfuniko wake, naifunga khanga mbili na kuilaza kwenye kapu nililolitandika blanketi kuukuu. Ukiacha kwa muda wa saa nne bila kuchungulia (kuchungulia ndiko kunakoharibu), yanaiva kwa joto lake mwenyewe. Narudisha jikoni kidogo tu kuyachemsha tena na kuyaunga. Makande napika hivyo hivyo, nayapa muda zaidi. Mama yangu Usangi alikuwa anafukia chungu kwenye majivu, mimi nina kapu. Mkaa ulioishia siku moja ukawa unafika siku ya pili na kidogo. Nyanya na vitunguu nafuata Mbuyuni jioni, wauzaji wakishaanza kufunga, nachukua sado nzima na jirani tunagawana. Chainizi na sukuma nimepanda kwenye viroba nyuma ya nyumba, vinakunywa maji ya kuoshea mboga. Nguo za watoto ni mitumba ya soko la Memorial, kama kila mtu.

Umeme ndio ulionishinda. Luku ni moja kwa wapangaji wanne. Wanasema matumizi madogo ni uniti 75 kwa mwezi, shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi, na zinazozidi hapo ni 350. Nyumba yenye friji mbili na dada mmoja anayepiga pasi za watu, hizo 75 tunazimaliza mwezi haujafika katikati. Nikizima taa yangu nambania anayepiga pasi. Nimeacha.

Basi nikawa natumbukiza, siku nyingine elfu mbili, siku nyingine mia tano, siku nyingine hakuna. Kila kinachoingia naandika kwenye daftari. Mtoto wa kati, ana miaka minane, alinikuta siku moja akataka kutia sarafu, nikamruhusu, ikawa ndiyo furaha yake. Nikamwambia ni ya shule ya dada, asiseme.

Mwanzoni mwa mwezi huu kuna panya aliingia chumbani. Baba Glory akawa anasogeza vitu, akasogeza debe, akakuta kibubu. Akakitikisa. Sarafu zina kelele, zilisikika kama mali ya benki.

"Mama Glory, hii nini?"

Kabla sijafungua mdomo, mtoto akadakia, "Ni ya shule ya dada. Na mimi nimeweka mia mbili."

Anti, uso wa mume wangu ulivyobadilika sikuutegemea. Nilijiandaa kwa hasira. Akakaa kitandani na kile kibubu mapajani, akasema taratibu, "Kumbe hata watoto wanajua. Mgeni humu ndani ni mimi." Nikaanza kueleza habari za Januari, za yule kijana wa kausha damu, akaninyooshea kiganja. Akakiweka juu ya kabati, akatoka.

Kesho yake chini ya kopo la sukari palikuwa na elfu saba. Nikadhani kasahau. Kesho kutwa elfu saba. Nikamuuliza, akasema, "Kama inabaki, ilikuwa nyingi. Na tuliwahi kuishi kwa elfu tano." Hapo sikuwa na jibu, kwa sababu hesabu yake haina kosa. Nilichokusanya kwa kubana ndicho kinachotumika kunipunguzia. Ningekuwa nimezila zote kwa chipsi na vocha, leo ningekuwa naachiwa elfu kumi.

Mambo yakafika Kibosho, sijui kwa mdomo wa nani. Mama mkwe alinipigia simu akasema mwanamke anayeficha hela kwa mumewe anatafuta nauli. Huyu ni mama aliyekuwa akituletea mkungu wa ndizi za mshare kutoka kihambani, shamba la nyumbani kwao, kila baada ya wiki mbili, na mkungu ule ulikuwa unabeba mtori na machalari ya nyumba nzima. Wiki ya tatu hii haujaja. Kwa hiyo ndizi nazo nanunua, kwenye hiyo hiyo elfu saba.

Sasa nifike penye uchungu wangu mwenyewe, maana mkinishauri bila kujua hili mtakuwa mmeshauri mtu mwingine. Ule mwezi wa sita aliponiongezea kutoka elfu tisa kwenda kumi, ni kwa sababu nilimlilia kwamba vitu vimepanda. Vilipanda kweli, ila si kwa kiasi kile, na ile elfu moja siku nyingi ilikwenda moja kwa moja kwenye tundu la kibubu. Halafu nyama ya Jumapili. Alikuwa ananipa hela ya kilo, mimi nanunua robo tatu, nazidisha viazi na karoti, naweka vipande vikubwa kwenye sahani yake ili asigundue. Alikuwa akiila na kuisifia. Hili hajui. Anajua kwamba nilibana, hajui kwamba nilimdanganya, na yeye mpaka leo halali vizuri kwa lile la kwanza peke yake.

Ushauri nimeshapewa mpaka basi. Jirani anasema nikivunje, ninunue mtungi mkubwa wa gesi na gunia la mchele wa Chekereni, hela iishie kwenye vitu vya nyumba, asiwe na la kusema. Mdogo wangu yuko Arusha, anasema nimtumie kwenye simu anitunzie. Huyo nampenda lakini hela yangu hapana. Wenzangu wa kikoba wanacheka, wanasema kosa langu lilikuwa kuweka sarafu badala ya noti. Mama yangu alisikiliza yote, akasema neno moja, "Mpe," kisha akauliza watoto hawajambo.

Kwenye daftari langu ni laki tatu, elfu sitini na moja na mia tano. Mume wangu hajaniuliza ni kiasi gani. Kwa uzito wa zile sarafu nadhani anawaza ni milioni. Matokeo ya darasa la saba yametoka, mtoto kafaulu, tunasubiri kujua kapangiwa shule gani. Ikiwa ya bweni, kuna godoro, trunka, ndoo, mashuka. Elfu saba ya siku hainiachii hata mia ya kuongeza, na nikijaribu kuibana tena najiona mjinga, maana nikifanikiwa nitashushiwa elfu tano.

Tunaongea vizuri tu, msidhani kuna vita. Ananiambia gari gani limeingia, namwambia mtoto gani anakohoa. Kuhusu kibubu hakuna anayesema. Kipo juu ya kabati pale pale alipokiweka. Nikifuta vumbi nakinyanyua, nafuta chini yake, nakirudisha.

Ninachoomba kwenu ni hiki. Je, nimpe kibubu akivunje yeye mwenyewe, tuhesabu pamoja na daftari likiwa wazi, hata kama ataamua hela iende kwingine? Au nisubiri fomu ya shule itoke, ndipo nimwekee mezani fomu na kibubu, aone kazi yake? La pili ni kwa kina mama mnaoishi na waume wanaopata kwa siku, bodaboda, mafundi, wapagazi wa sokoni: mlifanyaje mpaka nyumba ikaweza kununua gunia au dumu zima? Kuna waliokubaliana na mume kuweka kando kidogo kidogo, yeye na mke, kwa kujua wote? Mlianzaje yale mazungumzo, na nani alishika hela?

Na la nyama. Nimwambie?

Kina baba mnaosoma, hilo la mwisho nawauliza ninyi zaidi. Ingekuwa wewe, ungetaka kujua?

Mama Glory,
Pasua, Moshi