Chipu ya FPGA isinunuliwe kwa kutazama idadi ya seli

Mhariri,

Wiki iliyopita gazeti lako lilichapisha makala iliyoieleza chipu ya FPGA, yaani chipu ambayo sakiti zake za ndani hupangwa upya na mtumiaji, kuwa ni kompyuta ndogo yenye kasi kubwa. Mimi ni mwalimu wa elektroniki, na naomba nafasi ya kusahihisha maelezo hayo, kwa kuwa dhana hiyohiyo ndiyo inayovifanya vyuo vyetu vinunue vifaa visivyovifaa.

Kompyuta hutekeleza amri zilizoandikwa, lakini FPGA haina amri ya kutekeleza hadi mtu aijengee kichakataji ndani yake. Anachoandika mhandisi kwa lugha kama Verilog ni maelezo ya sakiti yenyewe. Msingi wake ni jedwali la ukweli: jedwali lenye ingizo 6 huhifadhi majibu 64, moja kwa kila mpangilio wa sifuri na moja unaoweza kuingia, na majedwali hayo huunganishwa kwa nyaya zinazopangika upya.

Tuchukue FPGA iitwayo XC7A35T ya jamii ya Artix-7, inayopatikana kwenye bodi nyingi za kufundishia. Tangazo lake husema ina seli 33,280 za mantiki, kipimo cha ukubwa wa chipu, na hapo ndipo wanunuzi wengi huishia. Ukiyahesabu majedwali yaliyomo utapata 20,800. Ile namba kubwa imetokana na kuzidisha kwa 1.6, ili chipu ilinganishwe na zile za zamani zilizokuwa na majedwali ya ingizo 4; si uongo, ila ni hesabu ya sokoni. Mradi wa kuchuja sauti au picha mara nyingi hukwama kwingine kabisa, ama kwenye vizidishi (sakiti maalumu za kuzidisha namba), ambavyo chipu hii inavyo 90, ama kwenye kumbukumbu yake ya ndani ya kilobiti 1,800.

Kuna pia jambo dogo linalogharimu sana: miguu yake imekusudiwa volti 3.3 kwa juu kabisa, ilhali vihisi vingi madukani hutoa volti 5. Nimeshuhudia bodi mbili zikiharibika namna hiyo katika kipindi kimoja cha mazoezi.

Matumizi yanayostahili chipu hizi ni yale yenye data nyingi zinazofika kwa pamoja. Darubini ya redio ya MeerKAT, huko Afrika Kusini, ina antena 64, na mawimbi yake huchakatwa kwa bodi zenye FPGA za Virtex-7, kwa kuwa sakiti nyingi hufanya kazi kwa wakati mmoja bila kupokezana foleni. Kwa kuwasha pampu ya bustani, mikrokontrola (kompyuta ndogo ya chipu moja) ya bei nafuu inatosha, wala haihitaji kupakiwa sakiti upya kutoka kwenye kumbukumbu ya flashi kila umeme unaporudi, kama ilivyo kwa Artix-7.

Kwa wanaoanza, ningependekeza FPGA ndogo ya iCE40 HX1K yenye seli 1,280 tu, ambayo hufanyiwa kazi kwa programu huria kama Yosys pasipo kulipia leseni. Naziomba kamati za ununuzi zimtake mwalimu wa somo aorodheshe kwanza mazoezi ya muhula mzima, pamoja na vizidishi, kumbukumbu na volti yanayohitaji, ndipo zitangaze zabuni.

Mwalimu wa elektroniki,
Morogoro