Msiwaambie vijana wasubiri laptopu mpya

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nimjibu msomaji aliyeandika wiki mbili zilizopita kwamba kijana wa mkoani asijisumbue kujifunza kutengeneza programu za kompyuta mpaka apate laptopu mpya na intaneti ya kudumu. Barua hiyo niliisoma dukani kwangu. Vijana wawili waliokuja kununua tyubu wakaichukua wakaisoma, na mmoja akamwambia mwenzake, "Si nilikwambia? Hizi si kazi zetu." Maneno hayo yamenikaa kifuani mpaka leo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 54. Nauza vipuri vya baiskeli Ngamiani, hapa Tanga, katika duka aliloniachia marehemu mume wangu. Wateja wangu ni mafundi: wa mjini, wa Pongwe, wa Amboni, na wengine wanashuka kutoka Muheza na Mkinga kuchukua mzigo wa wiki nzima. Elimu yangu ni kidato cha nne. Programu ninayotumia kuandika mauzo, kuhesabu stoo na kufuatilia madeni nimeiandika kwa mikono yangu, kwenye kompyuta ya mezani ambayo ofisi moja ilikuwa inaitupa. Ina Windows 7 na memori ya gigabaiti 2. Kwa hiyo ninaposema inawezekana, sisemi la kusikia.

Kilichonisukuma ni daftari la madeni. Fundi mmoja wa Amboni, mtu mzima anayeheshimika, alisema amekwisha kulipa elfu kumi na tano zangu. Daftari likasema bado. Tulibishana mbele za watu. Baada ya mwezi nikaikuta hela yake imeandikwa kwenye ukurasa wa mtu mwingine mwenye jina kama lake. Nilifunga duka nikaenda kumwomba radhi nyumbani kwake, na njia nzima nilikuwa nikiwaza kwamba karatasi haziniwezeshi tena. Nilijaribu jedwali la Excel, likanisaidia kwa muda, mpaka siku moja msaidizi wangu alipopanga upya safu moja ya majina bila kuzichukua safu za pembeni. Kila mtu akabaki na deni la mwenzake.

Mtoto wa dada yangu, aliyekuwa anasoma chuo Dar es Salaam, akaniambia, "Mama mdogo, andika programu yako mwenyewe, tumia Python." Akalitaja hilo jina, la lugha ya kuandikia programu, likizo ikaisha, akaondoka. Nikaenda steshenari kupakua Python iliyokuwa mpya wakati huo, nikarudi nayo kwenye flashi. Ikakataa kuingia. Maandishi ya Kiingereza yakatokea, nikaamini kompyuta yangu imekwisha. Nilikaa hivyo wiki tatu. Kumbe jambo lenyewe ni dogo: toleo la 3.9, lililotoka Oktoba 2020, na yote yaliyolifuata hayaingii kwenye Windows 7. La mwisho linaloikubali mashine kama yangu ni 3.8. Faili la kulisakinisha halifiki megabaiti 30, na ndani yake mna lugha yenyewe, IDLE ya kuandikia na kuendeshea, Tkinter ya kutengenezea madirisha na vitufe, SQLite ya kuhifadhia kumbukumbu, na kitabu cha maelezo kinachofunguka bila bando hata la shilingi moja. Tangu siku hiyo mashine ile haijaunganishwa na intaneti. Na haipaswi kuunganishwa, kwa sababu Microsoft iliacha kuihudumia Windows 7 tangu Januari 2020 na matundu yake ya usalama hayazibwi tena.

Sasa niseme somo lililonichukua muda mrefu kuliko yote, maana msomaji yule aliandika kana kwamba ugumu wote uko kwenye bei ya mashine. Programu ya dirisha haiendi kama zile ndogo za kujifunzia. Zile kompyuta inazisoma mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, zikifika mwisho zimekwisha. Ya dirisha ni kama mwenye duka. Asubuhi anapanga bidhaa, anafungua milango, kisha anakaa. Hajui ataanza kuingia wa cheni au wa breki. Anachojua ni kwamba akija wa cheni atafanya hivi, akija wa breki atafanya vile. Kupanga bidhaa ndiko kuweka vitufe na visanduku vya kuandikia. Kukaa ni mstari mmoja wa mwisho, ambao katika Tkinter unaitwa mainloop. Mimi niliusahau mstari huo. Nikabofya faili langu mara mbili, kitu cheusi kikamulika kwenye kioo kikapotea. Nikarudia mara ishirini, kikamulika mara ishirini. Duka lilikuwa linafunguliwa na kufungwa papo hapo kwa kuwa sikumweka mtu wa kukaa.

Ukishalielewa hilo, unaelewa pia kwa nini dirisha huganda. Nilitaka kitufe kimoja kinipigie hesabu za mwaka mzima, nikakibofya, programu yote ikaduwaa, haikubali hata kufungwa. Mwenye duka ameingia stoo kuhesabu spoki na wateja wanapiga hodi hakuna wa kuitika. Dawa yake ni kuigawa kazi ndefu vipandevipande ili kila baada ya muda mfupi arudi mlangoni kutazama nani amekuja.

Fedha nazo zilinifunza. Siku ya kwanza ya kuijaribu niliandika cheni 8000 na pedeli 3000, jumla ikaja 80003000. Kinachoandikwa ndani ya kisanduku, hata kikiwa tarakimu tupu, kinapokelewa kama maandishi, na maandishi mawili ukiyajumlisha yanaungana kama mabehewa ya treni. Lazima kwanza uyageuze kuwa namba, na neno la kufanyia hivyo ni fupi, int. Bei zote nimeziweka kwa shilingi kamili, sigusi desimali. Kompyuta huzihifadhi desimali kwa kukadiria: 0.1 ukiijumlisha na 0.2 hupati 0.3 kamili, na mimi sitaki kukadiria hela ya mtu.

Mengine nilikuwa nayajua kabla ya kompyuta, na hapa ndipo ninapowasihi vijana wanisikilize. Pakiti ya spoki ninayonunua ina spoki 144. Gurudumu la nyuma la baiskeli kubwa za kizamani linakula 40, la mbele 32. Fundi anaweza kutaka 72 za baiskeli nzima, au tano za kuzibia palipokatika. Kwa hiyo stoo yangu inahesabu spoki mojamoja, pakiti haimo kabisa ndani ya programu. Hakuna mwalimu aliyenipa uamuzi huo, na hata kijana hodari kuniliko kwa mbali angeweza kukosea hapo kama hajawahi kusimama nyuma ya kaunta. Vivyo hivyo na deni: haliguswi. Mtu akilipa, malipo yanaandikwa mstari mpya wenye tarehe yake, na salio linatokana na hesabu. Leja za zamani zilikwenda hivyo, na nimeona sababu yake. Mtoto wa mvuvi wa Sahare anaijua biashara ya samaki, wa mshonaji anajua vipimo na siku za kuchukulia nguo. Waanzie hapo. Nusu ya programu wanayo tayari.

Siku nyingine niliandika mauzo ya kutwa nzima, nikafunga programu, kesho yake hayapo. Nililia, sioni haya kusema. Katika SQLite kuna amri ya kuthibitisha, ni kama kutia saini chini ya ukurasa, na usipoitoa yaliyoandikwa yanaondoka. Baada ya kuijua nikaipenda SQLite kuliko kitu kingine chochote humo ndani. Richard Hipp wa Marekani aliitoa mwaka 2000. Aliibuni akiwa kwenye kazi ya programu ya meli ya jeshi la majini, akitaka hifadhidata, yaani ghala la kumbukumbu, isiyotegemea seva, programu nyingine ya kuihudumia. Hifadhidata nzima ni faili moja. Kila jioni nainakili kwenye flashi naiweka mkobani. Umeme ukikatika katikati ya kazi, na hapa kwetu unakatika, kilichokwisha kuthibitishwa kimebaki na kilichokuwa nusu kinafutika chenyewe, hakuna mauzo ya nusunusu. SQLite hiyohiyo imo ndani ya simu za Android tunazotembea nazo mifukoni.

Kuhusu zana za kutengenezea programu, vijana wananiuliza kila siku ipi bora. Visual Studio Community ya Microsoft ni ya bure na wanaoijua wanaisifu, ila mzigo wake ni wa magigabaiti na mashine ndogo itaelemewa. Lazarus nimeionja: unaburuta kitufe unakiweka kwenye dirisha, na mwisho unapata faili moja linalofunguka kwa mwenzako bila kusakinisha kingine. Inatumia Pascal, lugha ambayo Niklaus Wirth wa Uswisi aliibuni mwaka 1970, na kufundishia ilikuwa miongoni mwa shabaha zake. Kwa mwenye kompyuta kuukuu sana ningesema aitazame Lazarus kwanza. Mimi nilibaki na Python kwa sababu nilikwisha kuizoea. Zana nzuri ya kuanzia ni ile itakayokubali kuingia kwenye mashine iliyo mbele yako leo.

Programu yangu nilipotaka kumpa mwenye duka wa jirani nilitumia PyInstaller kuifunga iwe faili la kubofya. Kwake ikakataa, kwa kuwa kompyuta yake ni ya biti 32 na yangu ni ya biti 64, aina mbili tofauti. PyInstaller hufungia mfumo uleule unaofanyia kazi. Nikaenda kuifunga upya kwenye mashine yake, ikafunguka.

Nikitazama nyuma, mashine haikunizuia hata siku moja. Wiki tatu za kwanza, mara ishirini za kile cheusi, mauzo yaliyopotea, vyote vilitokana na kukosa mtu wa kuniambia kwa Kiswahili, "Mama, hapa wanasema hivi." Kosa la Python husomwa kuanzia chini: mstari wa mwisho unataja aina ya kosa, mistari iliyo juu yake inakuonyesha mahali, kwa namba ya mstari. Nilikuwa nasoma kuanzia juu, nikichoka kabla sijafika. Maneno ambayo lugha hiyo imeyashika yenyewe, katika toleo ninalotumia, ni 35. Ongeza majina ya amri za Tkinter, unayajifunza polepole. Yaliyobaki unayapa majina mwenyewe, na yangu ni bei, idadi, jumla, deni, fundi. Uangalie tu herufi kubwa, kwani kwa kompyuta Bei na bei ni vitu viwili.

Kwa ofisi na shule zenye uwezo nina neno moja. Windows 10 nayo imeacha kuhudumiwa tangu tarehe 14 Oktoba 2025, na najua mashine nyingi zitatolewa. Futeni kumbukumbu zenu, kisha msizipeleke kwa wanunua vyuma chakavu. Zipeni vituo vya vijana. Bila intaneti zinafaa kujifunzia, na anayeweza azitie Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, ili ziendelee kupata huduma.

Na kwako Mhariri, naomba robo ya safu mara moja kwa wiki. Kila wiki litolewe kosa moja tu: linavyoonekana kwenye kioo, maana yake kwa Kiswahili, na namna ya kulirekebisha. Ninayo zaidi ya arobaini kwenye daftari, yote nimekutana nayo mwenyewe, na sitaki malipo. Wasomaji wanaojua kuliko mimi watanisahihisha, itakuwa heri zaidi.

La kwanza nimekwisha kuliandika. Linahusu nafasi zinazoachwa mwanzoni mwa mstari, pale mtu anapochanganya kitufe cha tabo na kile cha nafasi. Kwa macho mistari imelingana, kompyuta inakataa. Yule kijana aliyesema hizi si kazi zetu alirudi Jumatano. "Shikamoo mama," akasema, akaweka flashi juu ya kaunta. Alikuwa amekwama hapo siku nne. Tulilisoma pamoja kuanzia chini, likaisha kabla mteja wa nyuma yake hajamaliza kuchagua pedeli.

Wako mtiifu,
Mama Spoki,
Ngamiani, Tanga