Mpigie binti wa watu kabla hujaondoka

Mwanangu,

Assalamu alaykum. Sisi hatujambo, na presha ya bibi yako imeshuka kidogo tangu abadilishiwe dawa. Nimesikia viza ya Doha imetoka na safari ni mwezi ujao. Nimemshukuru Mungu, na nimemwambia kila niliyekutana naye mpaka Langoni. Lakini mchumba wako habari hiyo ameipata kwa watu, na hilo ndilo lililoninyima usingizi.

Mpigie simu. Usimwandikie ujumbe, usimtume mdogo wako. Mpigie mwenyewe.

Juzi mamake alinirudishia bakuli nililompelekea tambi. Limeoshwa likang'ara, na ndani hamna hata tende moja. Kwetu bakuli halirudi tupu, wajua. Hakunitolea neno baya, alisema ahsante akashuka ngazi. Tangu hapo sipiti mtaa wao, nazungukia pwani na magoti yangu haya.

Mdogo wako anasomea mtihani kwa daftari lako la Kiingereza. Jana alinisomea ukurasa wa mambo ya mapenzi. Mvunja mioyo wanamwita heartbreaker. Kumwacha mchumba harusi ikikaribia ni jilt. Na yule anayekata mawasiliano kimya kimya, bila hata kuaga, kitendo chake ni ghosting, yaani mtu anageuka mzuka. Umeandika kuwa kamusi ya Merriam-Webster ya Marekani iliiingiza maana hiyo mwaka 2017. Mwandiko umetulia, neno kwa wino mwekundu na mfano wake kwa buluu. Nimejivunia, sikufichi. Lakini aliyeyapanga yote hayo kwa kalamu mbili hawezi kuniambia hajui anachomfanyia mwenziwe.

Nilimuuliza ami yako kuhusu sheria. Anasema Sheria ya Ndoa ya Kenya ya 2014 haimlazimishi mtu kuoa kwa sababu aliahidi, ila aliyepata hasara kwa ahadi kuvunjwa anaweza kudai fidia. Waingereza wenyewe, anasema, walizifuta kesi hizo za kuvunja uchumba kwa sheria ya mwaka 1970. Sikutishi. Wale ni watu wa kusitiri mambo yao, hawatakupeleka popote. Lakini godoro limeshashonwa, fundi wa kitanda ameshalipwa nusu, na binti mwenyewe aliiacha nafasi ya ualimu Mombasa ili akungoje wewe.

Kama humtaki, mwambie humtaki. Posa ile niliikimbiza mimi, ami yako alitaka tungoje, na wewe hukusema ndiyo wala la, uliendelea kula. Hayo ni ya mimi na wewe, tutayazungumza. Yeye asiachwe kwenye mataa kwa ajili yetu.

Mtu akiambiwa ukweli hulia, siku zikapita, akaposwa na mwingine. Anayengoja simu amefungwa. Kuna watu wamepeleka neno kwao mwezi huu, wamejibiwa kuwa binti ana mwenyewe. Mwenyewe ndiye wewe, usiyeshika simu. Na usiniambie una kazi nyingi, maana picha za ufuo wa Malindi unaziweka kila jioni, mdogo wako hunionyesha.

Kama bado unamtaka, basi mwambie mkataba ni wa muda gani na utarudi lini, akubali au akatae akijua. Baba yako, Mungu amrehemu, alikuwa baharini miezi na miezi, lakini kila chombo kilichotia nanga hapa kilikuwa na salamu zake.

Bati la jikoni linavuja tangu kusi ianze. Usitume pesa ya bati, nunua sanduku madhubuti na viatu vya kusimamia, hoteli watu hushinda wima. Cheti chako cha kuzaliwa kilibaki kwenye droo ya bibi, nitakituma kwa basi la asubuhi pamoja na mabuyu. Kipokee mwenyewe stendi, usimwachie mtu. Na mabuyu usiyamalize na wenzako wa chumbani siku moja kama mara ile.

Baada ya isha huwa yuko nyumbani na simu anayo. Mpigie leo. Ukimaliza, saa yoyote ile, nipigie na mimi, nijue kama nimtume ami yako kwa wazee wake au fundi aendelee na kitanda.

Mamako