Mjomba, ni kweli nililipa pesa ili nikimbie

Mjomba,

Shikamoo, ingawa sisi wa kambi ya polisi hatukuwahi kuizoea. Nakuandikia hadharani kwa sababu na wewe ulinicheka hadharani, kwenye kundi la WhatsApp la familia, ndugu wote kuanzia Busia hadi Arua wakisoma. "Mtu mzima anatoa pesa yake ili akimbie kwenye barabara ya serikali?" Halafu ukaweka zile sura za kucheka, saba. Nilizihesabu.

Basi ngoja nikueleze nilichonunua kwenye zile mbio za jiji, kilomita kumi, hapa Kampala.

Uwanja wa Kololo unaujua kuliko mimi. Umepiga gwaride pale Oktoba 9, Siku ya Uhuru, miaka mingapi, viatu vinang'aa, jua la utosini, na sisi watoto tukikutafuta kwenye televisheni ya jirani tusijue ni kofia ipi iliyo yako. Jumapili ile nilifika saa kumi na moja na nusu, giza bado, nikakuta uwanja umejaa watu wa fulana moja, rangi moja. Harufu ya dawa ya kuchua ilikuwa nzito kama ya chumba cha bibi mgonjwa wa magoti. Juu ya miti, kaloli, wale korongo wakubwa wa jijini, wamesimama na mifuko yao ya shingo, wanatutazama kama wanaosubiri kuona nani ataanguka.

Saa kumi na mbili na nusu bunduki ikalia, nasi tukasimama. Hakuna aliyesogea hata hatua. Watu wakapiga makelele, vuvuzela zikalia, simu zikainuliwa juu kupiga picha, na miguu yangu ikabaki palepale ilipokuwa. Mpaka navuka mkeka wa kunasa saa, dakika sita na sekunde 40 zilikuwa zimepita. Usiogope, namba ya kifuani ina chipu, na chipu huanza kukuhesabia unapokanyaga mkeka. Ila ile saa kubwa ya juu ya mstari haina habari na wewe. Inahesabu tangu bunduki, na ndiyo itakayoonekana kwenye picha yako ya kumalizia.

Wewe ndiye uliyenilea na hadithi ya Akii-Bua, askari polisi mwenzako. Olimpiki ya Munich, 1972, mita 400 kuruka viunzi, dhahabu kwa sekunde 47.82, mtu wa kwanza duniani kushuka chini ya 48. Na kila ulipoisimulia ulilalamika kwa niaba yake kwamba walimpanga njia ya kwanza, ya ndani kabisa, yenye kona kali. Sawa. Lakini angalau alikuwa na njia, Mjomba! Mita moja na sentimita 22, yake peke yake. Mimi sikuwa na pa kuweka kiwiko.

Kilomita ya kwanza ilinichukua dakika tisa na sekunde 12. Nilikuwa nimefanya mazoezi miezi minne, kila alfajiri kupanda na kushuka Naguru mbwa wakinibwekea, ili nimalize kilomita kumi ndani ya saa moja. Hiyo ni dakika sita kwa kila kilomita, haitaki hesabu kubwa. Na sasa mbele yangu kulikuwa na wafanyakazi wa ofisi fulani, kumi na moja, wameshikana mikono barabara nzima na bango lao, wanatembea. Wanatembea! Pembeni yao baba amembeba mtoto mabegani, mtoto anakula biskuti. Mbele zaidi wasichana watatu wamesimama kabisa, wamegeuka kutukabili sisi tunaokuja, wanajipiga picha.

Hasira ikanipanda. Nikashuka barabarani, nikaruka mtaro, nikakimbia juu ya nyasi, nikarudi lami, kushoto, kulia, kama boda inayotafuta upenyo kwenye foleni ya Jinja Road. Kilomita ya pili, dakika tano na sekunde tano. Ya tatu, tano na kumi na mbili. Sijawahi kukimbia hivyo maishani. Kwenye makutano ya Yusuf Lule Road askari alikuwa amezizuia boda kama ishirini, na dereva mmoja akaniita kwa upole wa biashara: "Nyabo, tugende?" Yaani, mama, twende? Nilicheka, na pumzi niliyoitumia kucheka ndiyo niliyokuja kuikosa baadaye.

Unakumbuka mchakamchaka wa Nsambya? Si ule wenye mihadhara ya siasa. Nasema wa kwetu, watoto wa kambi, likizo, ukitugongea mabati alfajiri. Mimi nilikuwa mzito kuliko wote, nawe ulinitanguliza mbele kila siku. Ulisema aliye mzito ndiye aongoze mwendo, wengine wamfuate, kikosi kisikatike. Niliona aibu wakati ule, baadaye nikaona ilikuwa heshima. Sasa, Mjomba, naomba nikupinge mara moja tu katika maisha yangu. Kwenye mbio za jiji, somo lako ni balaa. Watu maelfu, barabara moja, kila mmoja ana mwendo wake na amelipa kwa mfuko wake. Aliye mzito akisimama mbele, anageuka ukuta. Mwenda pole asimame nyuma, ajipange na wenzake, wapige picha zao hadi jua litue.

Hiyo ndiyo hotuba niliyokuwa naitunga kichwani nilipofika Acacia Avenue. Barabara inapanda pale kuelekea Kisementi, na jua lilikuwa limeshaamka. Kilomita mbili nilizoiba zikaja kudai deni. Mapaja yakawa kama yamejazwa mchanga uliolowa. Nikaacha kukimbia, nikaanza kutembea, nikainamia saa yangu ya mkononi kupiga hesabu kama lengo bado lipo.

Nilikuwa katikati ya barabara.

Nyuma ikatoka sauti: "Kushoto! Kushoto!" Alikuwa kijana wa kilomita 21, wale wa mbele kabisa, njia yao ilikuwa imeungana na yetu. Alimaanisha anapita kushoto kwangu. Lakini mimi ni mtoto wa kambi, na mwili wangu una miaka 41 ya kutii neno hilo. Aliposema kushoto, mguu wangu wa kushoto ukaenda kushoto. Kwa ukakamavu! Begani kwake nikagonga kama mlango. Yeye aliyumba hatua mbili, akanyooka, akasema "Pole, mama," akapotea. Mimi nikakaa chini kwenye lami, goti la kulia limechubuka, chupa tupu za maji zinabiringika pembeni yangu na watoto wawili wenye gunia wanaziokota wakinizunguka kwa adabu.

Aliyeniinua ni mzee wa rika lako, kofia ya jua, soksi zimepandishwa hadi magotini. Alikuwa anatembea tu. Tukatembea pamoja kama mita mia nane, na kwa kuwa nilikuwa bado na sumu yangu, nikamuuliza alianzia wapi kwenye msafara. "Mbele kabisa," akasema bila haya. Nilikaribia kumpa hotuba yangu yote. Akanieleza kwamba mwaka fulani, kwenye mbio nyingine, alijipanga nyuma kama mstaarabu. Alipofika katikati ya njia, barabara ilikuwa imeshafunguliwa. Teksi zinampigia honi, meza za maji zimekunjwa, na mstari wa kumalizia aliukuta umeshang'olewa. Alivuka penye alama za misumari. Tangu siku hiyo huamka saa tisa usiku ili asimame mbele, awe na saa nzima ya akiba.

Sikuwa na jibu, na bado sina jibu zuri. Nadhani barabara ibaki imefungwa muda mrefu zaidi, na watu waachiwe kwa makundi, wa kasi kwanza, kila kundi baada ya dakika kadhaa. Jiji litalalamika kwamba Jumapili nzima imeliwa. Lilalamike. Lakini wale wa bango sijawasamehe, usidhani nimelainika.

Nilimaliza kwa saa moja, dakika tisa na sekunde 31 kwa chipu yangu. Kwa saa ya juu, saa moja na dakika 16, na ndiyo iliyo kwenye picha niliyoweka kundini, ambayo ulijibu kwamba Cheptegei, bingwa wetu wa mbio ndefu, alikimbia kilomita kumi kule Valencia mwaka 2020 kwa dakika 26 na sekunde 11, na kwa hiyo angebaki na muda wa kuoga, kunywa chai na kunisubiri. Najua kwa nini ulimtaja yeye. Kiprotich alipoleta dhahabu ya marathoni kutoka London mwaka 2012, miaka 40 baada ya Akii-Bua, ulishangilia nusu tu kwa sababu ni mtu wa Magereza. Cheptegei ni wa polisi, basi tangu hapo hatupumui. Ila yeye alikimbia mizunguko 25 ya uwanja uliofagiliwa. Saa yangu ilionyesha kilomita 10 na mita 400 kwa jinsi nilivyozungukazunguka. Hizo mita mia nne ni mzunguko mzima, Mjomba. Niongezee.

Pale uwanjani walitupa ndizi mbili na maji. Nilienda nje ya geti nikanunua rolex, chapati iliyoviringishwa na mayai mawili, nikaila nimesimama, damu ya goti imekauka hadi kwenye soksi. Yule mzee nilimwona akivuka mstari. Hakuangalia saa. Alitoa kitambaa mfukoni, akafuta viatu vyake kwanza, ndipo akaenda kuchukua medali. Nilikukumbuka.

Mwakani kuna ya kilomita tano. Nimekuulizia, wanaruhusu kutembea. Fulana ya mwaka huu nilichukua mbili, yako ni saizi kubwa, nimempa kondakta wa basi la Busia la saa nane, amefungia kwenye mfuko mweusi. Mpe elfu mbili ya usumbufu. Na tafadhali usiivae kwenda nayo shambani kabla hujapiga picha.