Mkataba wa umeme upimwe kwa hasara zote mbili

Mhariri,

Mjadala wa bei ya umeme ukizuka, lawama huenda kwa mikataba inayomlazimu msambazaji wa umeme kulipia mtambo wa kuzalisha ukae tayari, autumie asiutumie. Wapo wanaodai tumenunua kupita kiasi. Wapo wanaolia kwamba jioni umeme hautoshi. Wote wana haki.

Nasimamia zamu ya usiku katika kiwanda cha plastiki, Eneo la Viwanda. Saa mbili usiku Nairobi nzima inapika, inapiga pasi, inatazama taarifa ya habari. Ifikapo saa tisa mahitaji yameshuka kiasi kwamba kule Olkaria, kwenye mitambo ya umeme wa mvuke wa ardhini, mvuke huachiliwa hewani. Kiasi kimoja kwenye mkataba hakiwezi kufaa saa zote mbili.

Dada yangu huuza mandazi karibu na lango letu. Kabla ya kukanda unga hutoka nje akaangalia mawingu. Andazi likibaki, hasara ni shilingi 5. Mteja akikosa, anaondoka na pesa ya chai pia, hasara shilingi 15. Basi hakandi unga wa siku ya wastani. Kwa kuwa kupungukiwa kunamgharimu mara tatu ya kubakiza, hukanda kiasi kitakachotosha wateja siku tatu katika kila nne. Siku ya nne watu watakosa, naye ameikubali tangu usiku.

Hesabu ya msambazaji ni hiyo hiyo, ila kubwa. Kule Brazil msambazaji hutaja kiasi atakachovuta kwenye kila kituo cha gridi, na akikipita kwa zaidi ya asilimia 10 hutozwa faini. Hapo kubahatisha kunauma, kwa hiyo watu wanakaa chini na kupiga hesabu.

Na si mahitaji tu yasiyotabirika. Mitambo ya upepo ya Ziwa Turkana, megawati 310, ilisimama tayari mwaka 2017, lakini laini ya kusafirisha umeme huo kutoka Loiyangalani hadi Suswa ikakamilika 2018. Wenye mitambo walilipwa fidia ya ucheleweshaji, na upepo ulikuwa ukivuma bure.

Naiomba EPRA, mamlaka inayodhibiti nishati nchini Kenya, kabla ya kuidhinisha mkataba wowote mpya, ichapishe mambo mawili: makadirio ya chini na ya juu ya mahitaji, ya jioni mbali na ya usiku wa manane, na gharama ya kununua zaidi ikiwekwa kando ya gharama ya kupungukiwa. Sisi tunaolipa bili tuzione kabla ya sahihi kutiwa.

Msimamizi wa zamu,
Eneo la Viwanda, Nairobi