Fulana ya Shemeji

Moshi, Jumapili jioni

Ndugu yangu mpendwa,

Salaam nyingi kutoka huku. Sisi hatujambo, mguu wa Mama umepona, na deni lako la Pasaka ninalikumbuka, kwa hiyo usihangaike kunikumbusha. Nimekaa kimya tangu mwezi wa tatu, na huenda ningeendelea kukaa kimya kama si fulana ya Shemeji.

Aliinunua kwenye mitumba pale Memorial: fulana nyeusi iliyopauka mabegani, yenye alama nne zilizopangwa mstari mmoja kifuani, bila neno lolote. Alhamisi akaenda nayo kwenye mazoezi ya kwaya. Tulikuwa hatujamaliza ubeti wa kwanza Mzee Kinanda alipoacha kupiga, akamwambia avue au atoke, kwa kuwa hizo ni alama za Freemason. Shemeji, unamjua alivyo, akavua palepale na kuimba sauti ya nne hadi mwisho akiwa amejitanda kanga ya Mama Mdogo. Nilicheka pamoja na wengine, na hilo ndilo linalonisumbua, maana alama zile nilizijua, nami nikanyamaza.

Zinatoka kwenye albamu ya nne ya Led Zeppelin, bendi ya Uingereza, iliyotolewa mwaka 1971 bila jina lolote kwenye jalada, kila mwanamuziki akijichagulia alama ya kumwakilisha. John Paul Jones na John Bonham walizipata zao katika kitabu cha alama cha Rudolf Koch, Mjerumani aliyebuni herufi za chapa. Ya Jones ni duara lililosukwa pamoja na umbo la majani matatu, na ya Bonham ni pete tatu zilizoshikana. Sasa sikia: maumbo hayo mawili Wakristo wameyatumia tangu zamani kuashiria Utatu Mtakatifu. Yaani Shemeji amevuliwa Baba, Mwana na Roho Mtakatifu mara mbili, tena ndani ya kanisa! Kama Mzee angelalamikia pombe ningemwelewa, kwa sababu pete zile ukizigeuza juu chini zinafanana na nembo ya Ballantine, bia ya Marekani.

Hata hivyo, sitaki kumnyima haki yake yote. Alama ya kwanza, inayosomeka kama "Zoso", ni ya mpiga gitaa Jimmy Page, ambaye amekataa kueleza maana yake. Huyu kweli alivutwa na elimu za uchawi, hata akanunua Boleskine, nyumba iliyo kando ya ziwa Loch Ness huko Uskoti, ambayo zamani ilikuwa ya Aleister Crowley, Mwingereza aliyeufanya uchawi kuwa dini yake. Kwenye santuri ya albamu yao ya tatu, ya mwaka 1970, maneno ya Crowley ya kumhimiza mtu afanye apendalo yalikwaruzwa karibu na lebo, mahali usipopaona mpaka uiinamishe kwenye mwanga. Lakini hayo ni ya Crowley na wafuasi wake. Kwa nini sisi kila tusichokielewa tukiite Freemason?

Na sijafika kwenye kiini. Unalikumbuka lile jalada la Beatles la mwaka 1967, Sgt. Pepper, ambalo Mzee Kinanda amelitundika sebuleni kwake tangu tukiwa wadogo? Tazama mstari wa juu kabisa, mtu wa pili kutoka kushoto, mwenye kipara. Ndiye Crowley, miaka yote hiyo akitutazama tukinywa chai.

Je, nimwambie? Au nikimwambia atalichana, na mimi nitakuwa nimemharibia mzee wa watu kumbukumbu ya ujana wake? Wewe anakusikiliza, ungeweza kuja kabla ya Jumapili ya mavuno ukazungumza naye? Na Shemeji aombwe radhi na nani, yeye au sisi tuliocheka?

Fulana ninayo mimi. Nimeifua, ila nimeianika ndani.

Wako wa dawati la nyuma